Matawi Nyuma ya Landrova

Tawi la msonobari lilikuwa limelazwa sakafuni nyuma ya gari, bichi, lina umande, na banda lilikuwa limefungwa kwa kufuli tangu jana yake. Anyitike alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi akalitazama. Kila aliyewahi kusafiri barabara ya Mbeya kwenda Iringa anajua maana ya tawi kama lile. Gari likikufa njiani, dereva au utingo, msaidizi wake, hukata majani akayalaza juu ya lami nyuma ya gari, moja hapa, jingine mbali kidogo, ili wanaokuja wajue mbele kuna mgonjwa wapunguze mwendo. Lakini hayo ni mambo ya barabarani. Nani aweke tawi ndani ya banda la bati, Iyunga mjini Mbeya, nyuma ya gari ambalo halijatembea tangu liletwe likivutwa kwa mnyororo?

"Mama Tusa!" aliita. "Nani kaweka majani huku?"

"Majani gani?" mkewe Joyness alijibu kutoka jikoni. "Mimi nikiingia humo si nitatoka na grisi mpaka puani?"

Anyitike alilitupa tawi nyuma ya choo, akamaliza chai yake, akaingia chini ya gari. Mwenye akili timamu angejiuliza kwanza. Pale nyumbani kulikuwa na mipera, kulikuwa na mparachichi, kulikuwa na mkaratusi wa jirani uliokuwa ukiangusha majani kwenye sufuria za watu, ila msonobari hakuna hata mmoja. Lakini Anyitike alikuwa na akili timamu siku za kazi tu. Jumamosi akili yake yote ilihamia kwenye Landrova.

Mtu huyu inafaa tumweleze, maana usipomjua utadhani yaliyompata ni bahati mbaya tu. Alikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari, Mnyakyusa mrefu wa mikono mirefu, na ugonjwa wake ulikuwa magari ya zamani. Hakupeleka gari kwa fundi. Kila kitu alifungua mwenyewe, akitazama video kwenye simu, na akikosea alifunga na kufungua upya huku akijihutubia. "Bolti haina hasira," alizoea kusema, "hasira ni yako." Na tena: "Ukilazimisha, utanunua." Alikuwa na hakika kwamba gari ni kitu cha kweli kuliko binadamu, kwa sababu gari likiwa na tatizo hulisema palepale, kwa mlio au kwa harufu, halikuwekei moyoni. Jumapili mchana, wenzake wakiangalia mpira, yeye alikuwa amelala chali juu ya gunia, kutu ikimdondokea machoni, naye ana raha zake.

Mkewe alikuwa Mhehe wa Ifunda, fundi cherehani, mwenye mdomo mwepesi na moyo mwema. Binti yao, Tusa, alikuwa bweni huko Iringa, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wawili. Kitu kimoja tu kiliwagombanisha. Anyitike alikuwa na sentensi yake, na sentensi hiyo Joyness aliichukia kuliko grisi. "Nisubiri hapo, narudi sasa hivi." Aliisema akienda kutafuta nati, akirudi jioni. Aliisema siku ya harusi ya wifi wa mkewe kule Uyole, Joyness akakaa getini na gauni lake jipya mpaka keki ikaliwa ikaisha. Hakuwa mwongo. Kila aliposema alimaanisha, kisha njiani akakutana na gari la mtu limefunguliwa boneti, na dunia nzima ikafutika.

"Siku moja utanikuta nimeota mizizi," Joyness alimwambia.

Landrova yenyewe ilitoka Chimala, kwenye yadi ya mfanyabiashara wa mpunga aitwaye Rabson. Ilikuwa ya kijani, ya zamani kweli, bodi ndefu, na ilikosa vitu vichache tu: betri, vioo viwili vya pembeni, na mkanda wa feni. Kuku wa yadi ile walilala juu ya trekta bovu, juu ya mapipa, hata juu ya baiskeli, lakini ndani ya Landrova, iliyokuwa wazi na yenye viti vya sponji, hakulala kuku. Anyitike aliliona jambo hilo akacheka. Rabson hakucheka. Alisema gari alilikuta pale tangu enzi za baba yake, kwamba lilivutwa kutoka upande wa Mafinga, na alisaidia kulisukuma hadi barabarani kwa nguvu ambazo hakuna aliyemwomba.

Jumamosi hiyohiyo ya lile tawi, ukungu ulishuka kutoka mlimani mchana kweupe, kama kawaida ya Mbeya wakati wa kipupwe. Anyitike alikuwa chini ya giaboksi, anapambana na bolti iliyogoma. Akanyoosha mkono nje bila kutazama, kwa mazoea ya mtu anayejiongelesha. "Kumi na saba," alisema.

Spana namba kumi na saba ikawekwa kiganjani mwake.

Alifurahi. Leo mama Tusa kalainika, aliwaza, kaja mwenyewe kwenye grisi. "Ndaga, mke wangu," akashukuru kwa Kinyakyusa, akaendelea kukaza meno. Baadaye kidogo akanyoosha tena. "Kumi na nne." Ikaja. "Nyundo ile ndogo." Ikaja. Akamsimulia habari za bolti ile, jinsi fundi wa kwanza alivyoikaza kwa hasira, na kule juu mtu akawa anasikiliza, maana alisikia pumzi nzito kidogo, ya mtu mwenye mafua. Mkono uliompa vitu ulikuwa wa baridi, lakini Iyunga wakati ule nani mikono yake ina moto?

Bolti ikakataa kabisa. Alihitaji msumeno wa chuma. Akatoka kwa upande wa pili wa gari, akajipangusa, akaelekea mlangoni. "Nisubiri hapo," akasema, "narudi sasa hivi."

Getini akakutana na Joyness anaingia, kapu kichwani, jasho usoni.

"Unatoka wapi?" Anyitike aliuliza.

"Sokoni. Tangu asubuhi niko sokoni. Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Anyitike alirudi bandani polepole. Spana zote zilikuwa zimepangwa juu ya gunia kwa ukubwa wake, ndogo hadi kubwa, zimefutwa mafuta. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu: oili ya gia, majani ya msonobari yaliyolowa, na sweta la sufu lililokauka mwilini mwa mtu baada ya mvua.

Mwanaume akiogopa jambo lisilo na jina huligeuza kuwa kazi. Anyitike aliweka kufuli kubwa zaidi, akaendelea na ukarabati. Akapata mkanda wa feni, akaufunga, akapata betri na vioo vya pembeni. Lakini kila asubuhi tawi bichi lilikuwepo, na halikukaa tena bandani. Moja lilikuwa mlangoni. Lililofuata lilikuwa uani karibu na kamba ya nguo. Lililofuata lilikuwa kwenye ngazi ya jikoni, limelazwa vizuri, ncha yake ikielekea mlangoni, kama vile barabara ilikuwa inapita katikati ya nyumba yao na kuna gari limekufa chumbani. Aliyakusanya yote nyuma ya choo. Hayakunyauka.

Kisha yakaanza makofi. Watu wa barabara wana lugha yao ya kupiga bodi: utingo akipiga kofi moja maana yake simama, akipiga mawili, twende. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza Anyitike alipiga kelele za furaha peke yake, akaingiza gia ya kurudi nyuma, na bodi ikapigwa kofi moja zito, paa, upande wa nyuma kushoto. Injini ikazima. Akawasha tena. Paa. Ikazima. Alishuka akazunguka gari, akakuta kwenye vumbi la bodi alama ya kiganja, vidole vyote, na maji yakichuruzika kutoka humo.

"Baba Tusa," Joyness alimnong'oneza jioni hiyo, "liuze."

"Nitauza vipi kitu kisichotembea?"

"Basi lirudishe kwa huyo Rabson. Mimi usiku nasikia mtu anapuliza mikono yake kwa baridi. Huko uani. Huh, huh, hivi. Wewe husikii?"

Alisikia. Alikuwa amesikia tangu siku ya kwanza, na hakusema, kwa sababu kusema ni kukubali kwamba Landrova lazima iondoke.

Siku iliyovunja kila kitu haikuwa na dalili. Anyitike alikwenda Mbalizi kuangalia kabureta kwa mtu. Joyness akampigia kumwambia chakula tayari. "Nisubiri, narudi sasa hivi," alisema, na akarudi jua likizama. Nyumba ilikuwa wazi, ugali umepoa mezani, hakuna mtu. Aliita. Akaenda bandani. Joyness alikuwa amekaa kwenye Landrova, kiti cha abiria, amejifunika khanga mpaka shingoni, anatazama mbele kupitia kioo, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa bati.

"Mama Tusa. Twende ndani."

"Tusubiri kidogo," alisema kwa sauti ya chini, ya upole, ambayo Anyitike hakuijua. "Amesema anarudi."

"Nani?"

"Dereva."

Alimbeba akamwingiza ndani. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama chuma cha asubuhi. Kesho yake akarudi kulekule, na kesho kutwa, cherehani ikakaa kimya, wateja wakaja wakaondoka na vitambaa vyao, na hospitali wakampima kila kitu wasione kitu, na mchungaji akaja akaomba kwa sauti kubwa mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia, na Joyness akasema amina kwa adabu zote kisha akanyanyuka akaenda kukaa kwenye gari, akizidi kukonda, akizidi kunukia oili na msonobari, akipuliza mikono yake, huh, huh, na Anyitike akiwa amekaa kwenye usukani pembeni yake akimsihi kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa na kwa maneno machache ya Kihehe aliyoyajua, alikuwa akihisi kiti cha nyuma kikizama taratibu, kama kinavyozama mtu mzito anapokaa, na hakuthubutu kugeuza shingo. Hapo ndipo alipolia. Landrova aliipenda, lakini Joyness alikuwa maisha yake yote, na sasa alimwona akienda mbele ya macho yake.

Jirani mmoja ndiye aliyemtaja Bi Mwanakhamisi. Mama huyo aliuza vitumbua karibu na stendi, mzaliwa wa Iringa mjini, babu zake watu wa Kilwa, na ilijulikana kwamba ana kisomo na majini humheshimu, ingawa mwenyewe hakupenda kuzungumziwa hivyo. Alikuja asubuhi na chetezo chake kwenye mfuko wa plastiki. Aliingia bandani, akafukiza ubani, akazunguka gari mara moja, akainama dirishani kwa Joyness kama mtu anayemsalimia abiria.

"Mwanangu," alisema, "mko wapi hapa?"

"Kwenye misonobari," Joyness alijibu. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mwenye mafua. "Mafinga haijafika."

"Mmekwama?"

"Mkanda wa feni umekatika. Dereva kafuata mwingine. Kasema nisubiri, anarudi sasa hivi. Nimeshaweka majani."

Bi Mwanakhamisi alivuta shela yake akarudi nje, na Anyitike akamfuata. Walisimama karibu na lile rundo la matawi mabichi.

"Kuna utingo aliachwa na gari hili," mama huyo alisema. "Dereva wake hakurudi, na yule maskini hakuthubutu kuacha gari la watu. Baridi ya kule unaijua. Akafia hapohapo. Sasa mtu akifa na subira moyoni, wenyeji wa msitu huja wakaipokea. Hili ni jini la njiani, limevaa subira ya yule mtu. Halina hasira na wewe. Lilikuwa limelala."

"Kwa nini limeamka kwangu?"

"Uliliambia nini?"

Mama akamtazama usoni mpaka Anyitike akasema mwenyewe. "Nililiambia lisubiri. Nikasema narudi."

"Basi. Wewe ndiye dereva sasa." Alifunika chetezo kwa kifuniko. "Jini halijui utani, baba. Sisi binadamu tunasemeshana hivyo kwa mazoea, tunasameheana. Lenyewe likiambiwa narudi, linasubiri. Na kusubiri peke yake limechoka, likamwona mkeo, likajua huyu ni mwenzangu."

Neno hilo lilimchoma Anyitike kuliko yote. Aliinamisha kichwa.

Dawa haikuwa ngumu, alisema Bi Mwanakhamisi. Alipeleke gari palepale lilipoachwa. Joyness atasema ni wapi. Ayachukue matawi yote, ayalaze nyuma ya gari yanavyolazwa. Achukue mkanda mpya wa feni, si ule aliofunga, mwingine, aseme nimerudi, autoe. Akisikia bodi imepigwa mara mbili, ayaokote matawi yote asibakize hata moja, kama anavyofanya dereva muungwana aliyetengeneza gari lake, aondoke.

"Twende wote, Bibi," Anyitike alimsihi.

"Dereva alikuwa mmoja. Nikija mimi litajiuliza huyu nani." Kisha akamshika kifundo cha mkono, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Nisikilize. Ile zamu haiachwi wazi. Likiondoka, pale pana nafasi. Ukiwa kule usimwambie mtu asubiri. Si mkeo, si mpita njia, si kuku. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, kama wanafunzi wake walivyorudia kanuni.

Waliondoka alfajiri. Injini iliwaka na hakuna kofi lililopigwa. Landrova ikapanda na kushuka, Uyole, Igurusi, Chimala ambako Rabson aliyekuwa akianika mpunga aliinua kichwa, akaiona, akaingia ndani. Joyness alitazama mbele tu. Matawi yalijaa nyuma, na harufu yake ilikuwa nzuri, jambo lililomtisha Anyitike zaidi. Baada ya Makambako ukungu ukaanza. Msitu wa misonobari ukaja pande zote mbili za barabara, miti imesimama kwa mistari, na mwanga kati ya mistari ile ukawa wa kijivu ingawa jioni ilikuwa bado.

"Hapa," Joyness alisema.

Paa. Kofi moja. Injini ikazima yenyewe.

Alishuka akayalaza matawi nyuma ya gari, moja baada ya jingine. Malori yalipita yakipunguza mwendo kwa heshima ya majani yale, dereva mmoja akamwashia taa. Akarudi mbele, akafungua boneti, akaushika mkanda mpya, na kwa kuwa hakujua namna nyingine aligeuza uso upande wa barabara akanyoosha mkono nyuma yake bila kutazama, kama alivyozoea chini ya gari.

"Nimerudi," alisema. Akaunyoosha mkono zaidi. "Nimerudi, ndugu yangu. Mkanda huu hapa. Nimechelewa sana. Umelinda vizuri. Kazi imekwisha, nenda nyumbani."

Upepo ukatulia juu ya miti, na kutoka ndani ya msitu zikaja hatua za mtu asiye na haraka, zikivunja vijiti vikavu, zikikaribia mpaka harufu ya sweta bichi ikamjaa puani na pumzi ile nzito ikawa nyuma ya sikio lake, na vidole vya baridi, vyenye sugu, vikapita juu ya kiganja chake vikiupapasa mkanda kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha kwamba saizi ni yenyewe. Kisha mkono wake ukawa mtupu. Kisha bodi ikapigwa, paa, paa.

Anyitike aliangua kilio cha shukrani. Akakimbia kuokota matawi, akiyarusha nyuma ya gari. Lori likapita kwa kasi na upepo wake ukalibeba tawi la mwisho, likabiringika mpaka kwenye kona kule chini. Akaanza kulifuata.

"We baba Tusa!"

Akageuka. Joyness alikuwa ametoa kichwa dirishani, uso wake mwenyewe, hasira zake mwenyewe. "Tuko wapi hapa? Mbona baridi hivi, umenileta porini na khanga? Na unaenda wapi tena?"

Tangu amwoe hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile. Aliwahi kuota kwamba hataisikia tena. Furaha ilimpanda mpaka kichwani, ikamlewesha, na mdomo wake ukajibu wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ya ndoa yao.

"Nisubiri hapo!" alicheka huku machozi yakimtoka. "Narudi sasa hivi!"

Aliinama akaliokota tawi kule kwenye kona, na alipoliinua ndipo alipoyasikia maneno yake. Alikimbia. Alikimbia kama mwendawazimu kupanda ile barabara, ukungu ukiwa umefunga kila kitu, akiita jina la ubatizo la mkewe ambalo hakulitumia tangu uchumba. Landrova ikatokea. Joyness alikuwepo, kwenye kiti chake, khanga mabegani.

"Umerudi," alisema, akatabasamu.

Anyitike akamshika mikono, akamshika uso. Alikuwa wa baridi kidogo, lakini nani asingekuwa? Akacheka mwenyewe kwa woga wake. Akapanda, akawasha. Joyness akatoa mkono dirishani, akaupiga mlango kwa kiganja, mara mbili. Gari likaondoka vizuri kabisa. Kioo cha pembeni kilikuwa kimejaa ukungu na hakushuka kukifuta.

Bi Mwanakhamisi alipouliza kama alifuata kila kitu, alisema ndiyo.

Na kwa kweli mambo yalitulia. Matawi hayakuonekana tena, harufu iliisha, uani usiku palikuwa kimya. Joyness alikula, alipika, alipata nuru usoni. Simu yake ilikuwa imepotea katika safari ile, pengine ilidondoka alipotoa kichwa dirishani. Hakuiulizia, Anyitike akamnunulia nyingine. Kilichobadilika kilikuwa kizuri mno hata akaona aibu kukitilia shaka. Mkewe hakugomba tena. Akichelewa, alimkuta amekaa mezani, mikono magotini, taa haijawashwa, chakula kimefunikwa, na neno lake lilikuwa moja tu: "Umerudi." Hata bandani sasa aliingia bila kuogopa grisi. Alisimama kimya kando ya gari, na Anyitike akinyoosha mkono, spana ikaja. Mara nyingine ilikuja kabla hajaitaja namba.

Tusa aliwapigia kutoka shule. Baada ya kuzungumza na mama yake akaomba apewe baba. "Baba, mama anaumwa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kaniuliza nitarudi lini. Nikamwambia likizo. Kaniuliza tena. Kaniuliza hivyohivyo mpaka nikaogopa."

"Amekukumbuka tu, mwanangu," Anyitike alisema.

Jumamosi iliyofuata alikuwa chini ya Landrova, anabadilisha oili, ukungu umeshuka kama siku ile. Simu ikaita kifuani mwake. Akaitoa, akaishika karibu na uso, akasoma jina. *Mama Tusa.* Ilikuwa namba ya zamani, ya simu iliyopotea.

Akapokea.

Kwanza ulikuja upepo, upepo mkubwa juu ya miti, na lori likishusha gia mlimani. Kisha mtu akapuliza mikono yake. Huh. Huh.

"Baba Tusa?" Ilikuwa sauti yake, ile yenye hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na kilio. "Uko wapi jamani? Tawi moja tu unalifuata mpaka saa hizi? Giza linaingia. Magari yanapita, nanyoosha mkono, hawanioni. Nimekata majani nimeweka barabarani kama ulivyoweka wewe. Jamani, sihisi miguu."

"Joyness," alinong'ona.

"Usiniambie nisubiri tena. Umenisikia? Usiniambie tena. Njoo."

Simu ikakatika. Anyitike alibaki chali, oili ikidondoka taratibu kwenye beseni pembeni ya sikio lake. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni. Tangi lilikuwa na mafuta ya kumfikisha. Aligeuza kichwa polepole kuelekea mwanga, na pale, kati ya gurudumu na mlango wa banda, akaiona miguu ya mkewe, pekupeku juu ya sementi, imesimama sawasawa, na kando yake tawi la msonobari lenye umande.

Alitoka kwa upande wa pili. Yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha grisi begani, spana namba kumi na saba mkononi, akimtazama kwa upole usio na mwisho. Uso ulikuwa wa Joyness, na mikono pia, hata kovu dogo la sindano kwenye kidole. Pumzi yake ilitoka nyeupe.

"Unatoka," alisema.

Anyitike akaitikia kwa kichwa. Hakuamini mdomo wake. Sentensi yake ya siku zote ilikuwa imeshapanda mpaka kwenye meno, nzima, tayari, naye akaibana kwa nguvu zote, kwa maana alijua kwamba zamu haiachwi wazi, kwamba ya jini lile sasa ameishika mkewe, na kwamba kule kwenye misonobari kuna mtu anayehesabu kila gari linalopita.

Yule mwanamke akasogea kando kumpisha. Akainua kiganja, akakiweka taratibu juu ya bodi ya Landrova, bila kuipiga.

"Nikusubiri?" aliuliza.